Ufundi wa Kujenga Nchi Isiyokuwapo

Aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 alizaliwa Jadotville, katika eneo la Katanga, Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1966 mji ukarudishiwa jina la Likasi. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire na mkoa ukawa Shaba. Mwaka 1972 ikatoka amri kwamba watu waache majina ya ubatizo na washike ya mababu. Hata kama mtu huyo hakuhama nyumba maisha yake yote, alipotimiza miaka 31 alikuwa akikaa katika mji mwingine, mkoa mwingine na nchi nyingine, na kwenye karatasi za serikali alikuwa mtu mwingine.

V. Y. Mudimbe ni mmoja wa watoto wa mwaka huo. Alizaliwa hapa Likasi tarehe 8 Desemba 1941, na kesho yake, huko Élisabethville, askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliokuwa wamegoma wakidai nyongeza ya mshahara. Alibatizwa Valentin-Yves. Amri ya kuacha majina ya kizungu ilipokuja akawa Vumbi Yoka, na herufi mbili za mwanzo zikabaki zilezile. Katika riwaya yake ya kwanza, Entre les eaux ya mwaka 1973, padri Pierre Landu anaacha altare na kuwafuata waasi msituni, kisha anaona kwamba huku si kwake na kule si kwake. Mudimbe alifariki mwaka 2025 akiwa mwanafalsafa anayesomwa dunia nzima, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchunguza nani alilitunga jina la Afrika na picha inayokwenda na jina hilo.

Lakini Mudimbe aliwaandikia watu wazima, tena kwa Kifaransa na Kiingereza. Kwa kijana wa miaka 14, swali la mimi ni nani na nani ananimiliki huja vizuri zaidi kwa njia nyingine: riwaya ya dunia sambamba, ambamo mhusika anavuka kutoka dunia yake na kuingia nyingine iliyo jirani nayo, akajiona upya. Watu wengi huidharau aina hii ya riwaya, wakidhani ni mazimwi na uchawi wa kumpotezea mtoto muda. Mimi naihesabu kati ya kazi ngumu kabisa za uandishi. Nataka kuonyesha ugumu wake uko wapi, maana Kiswahili kina mafundi wa kazi hii tangu zaidi ya miaka 70 iliyopita, na vijana wengi wa mji wetu hawajawahi kukutana nao.

Fundi mkuu ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Kitabu chake Kusadikika kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, naye akiwa mtumishi wa serikali yao. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Ukilisikia hilo kwa mara ya kwanza unangoja maajabu: watu wenye mabawa, majumba ya mawingu, ndege wanaosema. Hayaji. Kuna mfalme, mawaziri, baraza, mashtaka na gereza. Watu wa Kusadikika hawashangai kwamba wako hewani, kama sisi tusivyoshangaa kwamba tuko ardhini. Mwandishi amebadilisha jambo moja tu, mahali nchi ilipo, na mengine yote ameyaacha kama msomaji anavyoyajua.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mwanagenzi wa kazi hii hubadilisha mambo 20 kwa mpigo: jua la kijani, lugha mpya, wanyama wapya, sheria mpya za mvuto. Msomaji anachoka kabla ya ukurasa wa kumi kwa sababu hana pa kushika. Fundi hubadilisha jambo moja, kisha analifuata mpaka mwisho wake. Kwa kuwa Kusadikika imening'inia hewani, dira yake haina pande nne tu. Ina mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, halafu ina Mbinguni juu yake na Ardhini chini yake. Kwa hiyo wajumbe wake ni sita. Buruhani, Fadhili, Kabuli na Auni wanakwenda pande nne za dunia, Ridhaa anapanda Mbinguni na Amini anashuka Ardhini. Idadi ya safari za kitabu kizima imetokana na lile badiliko moja la ukurasa wa mwanzo. Mtoto anaweza asilione hilo, lakini analihisi: anajua kwamba nchi hii ina mantiki, na mahali penye mantiki mtu anaweza kupaamini.

Tena Shaaban Robert hakutupeleka moja kwa moja katika safari hizo. Alizifungia ndani ya kesi. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, na adhabu inayomngojea ni kubwa. Anapopewa nafasi ya kujitetea, hajitetei. Anasimulia habari za wajumbe sita waliomtangulia, mmoja baada ya mwingine: jinsi kila mmoja alivyosafiri kwa mashaka hadi nchi ya jirani, jinsi alivyoona huko jambo jema ambalo lingewafaa watu wake, na jinsi alivyorudi nalo akakuta, badala ya shukrani, minyororo. Kwa hiyo msomaji anasikiliza hadithi za safari akiwa amekaa barazani, mshtakiwa mbele yake na mshtaki pembeni. Kila safari inayoisha inaongeza uzito wa ushahidi. Hadithi imegeuka utetezi, na mtuhumiwa halisi, bila kutajwa, ni nchi yenyewe.

Wako wanaolalamika kwamba safari zile sita zinafanana: mtu anatoka, anateseka, anafika, anaona, anarudi, anafungwa. Zinafanana kweli, na hiyo ndiyo kazi yake. Anayetaka kuelewa kwa nini aende kiwanda cha Shituru, hapa hapa Likasi, ambako shaba imekuwa ikisafishwa kwa umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Mawe ya madini huyeyushwa katika asidi ya salfa, na umeme hupitishwa katika maji yale ya buluu ili kuivuta shaba ikae juu ya bamba jembamba. Ukitazama kwa saa moja huoni kitu. Baada ya siku kadhaa bamba limenenepa, na linainuliwa likiwa zito na safi. Hakuna njia ya kuharakisha. Kusadikika kinakwenda hivyo. Mjumbe wa kwanza akifungwa, msomaji anasema ni bahati mbaya. Wa pili akifungwa, anakunja uso. Wa nne akifungwa, ameshajua kwamba hii si ajali, ni tabia ya utawala. Wa sita akifungwa, msomaji mwenyewe amekuwa wakili. Hakuna hotuba iliyoweza kumfikisha hapo.

Majina nayo yana kazi. Karama na Majivuno wakisimama uso kwa uso barazani, mtoto wa shule anajua papo hapo nani ni nani, na hahitaji kuelezwa sura wala mavazi. Kwa mwandishi mwingine majina ya namna hii yangegeuka mabango. Hapa yanabeba hukumu: nchi iliyomfunga Fadhili, ikamfunga Ridhaa, ikamfunga Amini, imejifunga yenyewe. Ndiyo maana mwisho wake unaridhisha. Mfalme anaposikia kisa chote, anayefunguliwa si Karama peke yake. Wajumbe wote sita wanatoka gerezani. Uhuru wa mtu mmoja umefungua milango mingine sita.

Na kuna jambo moja kubwa kuliko yote hayo. Kila mjumbe alifika katika nchi iliyokuwa bora kuliko yake, na angeweza kubaki. Hakuna aliyebaki. Sheria hii, kwamba anayevuka lazima arudi, naiona katika kazi nyingi bora za aina hii kwa Kiswahili, na nadhani ndiyo mchango wetu katika ufundi huu. Dunia ya pili si mahali pa kukimbilia. Mtu anakwenda huko kujifunza kuiona dunia ya kwanza, na bei ya kujifunza ni kurudi na kusema.

Katama Mkangi wa Kenya aliijua bei hiyo kwa mwili wake. Alikuwa mhadhiri wa sosiolojia, na katika miaka ya 1980 serikali ilimweka kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1995 alichapisha Walenisi. Dzombo, mhusika mkuu, amehukumiwa kufa, na adhabu yenyewe ni kufungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani asirudi. Humo ndani, badala ya kungoja kifo, anajifunza kukiendesha. Chombo kinatua katika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa, wanafanya kazi kwa ajili ya wote na wanashangazwa na mambo ambayo Dzombo aliyazoea kwao: bwana na mtwana, tajiri na fukara. Jina la nchi ni jina la kitabu, na msomaji akilikata vipande atakuta wale ni sisi.

Nataka tukitazame chombo kile kwa karibu. Katika riwaya za namna hii mlango wa kuingilia dunia ya pili ndio mtihani wa fundi. Mwandishi mvivu huweka pete ya ajabu, au ndoto, au radi, na mlango huo hauna uhusiano wowote na maisha ya anayevuka. Mlango wa Mkangi ni kitanzi. Kitu kilichotengenezwa na dola ili kumwondoa mtu ndicho kilichomvusha, na kilimvusha kwa sababu alikubali kukisoma, kukijaribu na kukitawala. Kwa kitu kimoja tu mwandishi amepata silaha, usafiri na funzo. Hajasema mahali popote kwamba mfungwa anaweza kuwa huru ndani ya gereza lake. Ametuonyesha mkono wa mfungwa ukishika usukani. Na Dzombo anarudi kwao. Mkangi naye alirudi uwanjani: mwaka 1997 aligombea urais wa Kenya. Alifariki mwaka 2004.

Wengine wameufanyia kazi ufundi huu kwa namna zao. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliupeleka mbali sana katika Nagona na Mzingile, vitabu vidogo vinavyomtaka msomaji aliyekomaa. Kyallo Wadi Wamitila aliandika Bina-Adamu! mwaka 2002, safari ya kijana katika kijiji cha utandawazi. Huko Uingereza, mwaka uleule wa Walenisi, Philip Pullman alitoa Northern Lights, ambamo nafsi ya kila mtu hutembea nje ya mwili wake kwa umbo la mnyama, na umbo hilo hubadilikabadilika utotoni hadi mtu anapobalehe likatulia. Badiliko moja tena, na swali zima la utambulisho wa kijana limewekwa mezani. Mwisho wa mfululizo ulioanza na kitabu hicho, mwaka 2000, vijana Lyra na Will wanaopendana wanalazimika kuachana na kurudi kila mmoja katika dunia yake. Pullman na Shaaban Robert, kila mmoja kwa njia yake, wamefika kwenye sheria ileile.

Lakini kama ningeruhusiwa kumpa kijana wa Likasi kitabu kimoja tu kutoka nje ya Kiswahili, ningempa Akata Witch cha Nnedi Okorafor, mwandishi aliyezaliwa Marekani kwa wazazi wa Kiigbo. Kilitoka mwaka 2011. Sunny, msichana wa miaka 12 mwenye ualbino, alizaliwa New York na sasa anaishi Aba, Nigeria. Shuleni wanamwona Mmarekani, na nyumbani baba yake hana subira naye. Anapenda mpira lakini jua linamuunguza. Kisha anagundua kwamba ni mmoja wa watu wa chui, jamii ya siri inayoishi bega kwa bega na watu wa kawaida, na kwamba yale yanayohesabiwa kuwa kasoro upande huu ndiyo yanayompa mtu uwezo upande ule. Rafiki yake Orlu, ambaye herufi humchanganya akisoma, ana kipaji cha kufumua uchawi. Ngozi ya Sunny inamwezesha kupita kati ya dunia mbili bila kuonekana.

Kuufikia mji wa watu wa chui lazima kuvuka daraja jembamba juu ya mto, na halivukiki mpaka uitoe sura yako ya rohoni, ile ambayo si adabu kumwonyesha kila mtu. Hebu fikiri ni nini Okorafor amefanya hapa. Msichana ambaye maisha yake yote amehukumiwa kwa sura yake ya nje anatakiwa, ili apite, aonyeshe sura yake ya ndani. Mlango na jeraha vimekuwa kitu kimoja, kama kwa Mkangi.

Halafu kuna fedha ya nchi ile. Mtu wa chui hapati fedha kwa kuuza wala kwa kuchimba. Anapojifunza jambo la maana, vipande vya metali vilivyopinda vinadondoka kutoka hewani mbele ya miguu yake. Viko vya dhahabu, fedha, shaba nyeusi na shaba nyekundu. Vya dhahabu ndivyo vya thamani ndogo, na vya shaba nyekundu ndivyo vinavyoshinda vyote. Nchi ambayo shaba inaipita dhahabu, na inamwangukia anayejifunza! Sisi wa mkoa wa Haut-Katanga hatuhitaji kuelezwa uzito wa wazo hilo. Karne nyingi kabla ya Wabelgiji, watu wa eneo hili walisubu misalaba ya shaba na kuitumia kama fedha, na mingine imekutwa katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Baadaye shaba ileile ilijenga mji, ikapakiwa kwenye treni na kuondoka, na watoto wa wachimbaji wakabaki wakihesabu mabehewa. Okorafor amechukua metali hiyo akabadilisha mwelekeo wake: badala ya kutoka ardhini kwenda kwa tajiri, inatoka hewani kumwendea mwanafunzi. Huo nao ni mfano wa badiliko moja lililofuatwa hadi mwisho.

Nikiwatazama mafundi hawa wote naona kanuni tatu. Badilisha jambo moja na ulifuate bila kuchoka. Mlango wa dunia ya pili utengenezwe kwa kidonda cha anayevuka. Na anayevuka arudi, alipe, aseme. Kanuni hizi ni rahisi kuandika na ngumu kutii, kwa sababu kila ukurasa mwandishi anashawishika kuongeza ajabu jingine ili kumfurahisha msomaji, na kila mwisho anashawishika kumwachia mhusika abaki kwenye raha.

Malighafi hapa Likasi ni tele. Kama kilomita 20 magharibi ya mji iko Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na habari zake zikafanywa siri kubwa. Mahali pa kweli, palipofichwa kweli, penye jiwe lililobadilisha dunia: mwandishi gani wa riwaya ya dunia sambamba angethubutu kubuni hilo? Zipo kambi za Panda na Shituru ambako kampuni ya migodi ilimpa mfanyakazi nyumba, posho, hospitali na shule ya watoto, na kwa vitu hivyo hivyo ikashika maisha yake kuanzia alfajiri hadi usiku. Upo mji wenye majina mawili. Mtu akiandika kwamba Jadotville haikuondoka mwaka 1966, kwamba ingalipo upande wa pili wa Likasi, na binti wa Kikula akapata njia ya kuingia humo na kukuta kila mtu anamwita kwa jina lisilo lake, riwaya imeshaanza. Badiliko ni moja. Mengine yote tunayo.

Lugha pia ipo. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika katiba yetu, na ndicho kinachosemwa sokoni, kanisani na uani. Hata hivyo kijana wa hapa akitaka riwaya huipata kwa Kifaransa, na mara nyingi anamaliza shule bila kujua kwamba Karama na Dzombo wanazungumza lugha ya nyumbani kwao. Kiswahili chetu cha Katanga, chenye Kiluba, Kibemba na Kifaransa ndani yake, kina haki ya kuwa na nchi yake angani.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Likasi: tafuteni nakala chache za Kusadikika na Walenisi, zisomwe kwa sauti darasani, taratibu, na mkifika kwa mjumbe wa sita muwaulize wanafunzi wao wangemhukumu nani. Na wewe kijana unayesoma haya, chukua daftari. Chagua jambo moja tu la mji huu, libadilishe, na usilibadilishe tena mpaka ukurasa wa mwisho.